Kijana kawekwa fizikia isiyo na kalkulasi, UC (Chuo Kikuu cha California) hawaitaki kwa shahada ya fizikia: aache au amalize?

Mama Imani, Sacramento
Habari zenu ndugu. Nimetoka ofisi ya washauri sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mwanangu mnamjua, tuliingia kwa green card Januari mwaka jana, kamaliza Form Six PCM (fizikia, kemia na hisabati) nyumbani, anataka fizikia na hataki kusikia kingine. Yuko koleji ya jamii hapa California, kisha ahamie UC. Mshauri wa kwanza alimwandikisha fizikia ile ya aljebra, wanayosoma wanaokwenda udaktari. Leo mshauri wa uhamisho kafungua ASSIST, tovuti inayoonyesha masomo ya koleji yanayokubaliwa UC, mbele yetu: kwa shahada ya fizikia UC hawaitaki, wanataka mfululizo wa kalkulasi. Tuko wiki ya 11. Mwisho wa kuacha somo kwa W, alama ya kujitoa, ni Ijumaa hii. Naombeni jibu la hilo tu: aache achukue W, au amalize?

Baba Wanjiru, Bakersfield
Pole sana mama. Mimi nilipoanza, ofisi ya usajili iliniweka asiye mkazi, nikalipishwa mamia ya dola kwa yuniti badala ya 46. Sheria ni mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula, na uonyeshe kwamba umekuja kukaa. Niliwapelekea mkataba wa nyumba, leseni na karatasi za kodi, wakataka tena barua ya mwenye nyumba. Muhula mzima nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye ghala kulipa deni lisilo langu. Hebu mwangalie bili ya huyo kijana vizuri.

Binti wa Tanga, San Jose
Baba Wanjiru, mama hakuuliza ukazi. Mwaka umeshapita tangu waingie. Mama Imani, angalia asishuke chini ya yuniti 12, mimi nilishuka nikaitwa ofisi ya wageni, nikakaa wiki mbili bila usingizi.

Mzee wa Long Beach
Binti yangu, hiyo ni F-1, viza ya wanafunzi. Kijana ana green card, hana habari na ofisi ya wageni. Tusome barua kabla ya kujibu. Kwake yuniti 12 ni suala la Pell, ile ruzuku ya serikali, na SAP, kipimo cha maendeleo ya masomo ili uendelee kupata msaada wa fedha. W haiingii kwenye GPA, lakini SAP inaihesabu kama somo ulilojaribu usilimalize. Moja haiui. Zikiwa tatu nne, ofisi ya misaada ya fedha ya chuo wataanza kukuandikia.

Binti wa Tanga, San Jose
Sawa baba, nimekosea kwa F-1. Ila hata Pell inapungua mtu akiwa chini ya 12 wakati wanahesabu, kwa hiyo onyo langu halikuwa bure.

Mwalimu wa Fresno
Mama Imani, shikamoo. Nimepita njia hiyo hiyo, koleji kisha UC, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Fizikia ni mnyororo. Kalkulasi I ndiyo inafungua mlango wa umakanika, yaani fizikia ya nguvu na mwendo. Umakanika pamoja na Kalkulasi II vinafungua sumakuumeme. Baada ya hapo joto, mawimbi, mwanga na fizikia ya kisasa, huku anasoma Kalkulasi III, aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi. Kama muhula huu yuko kwenye Kalkulasi I, basi hajachelewa hata siku moja! Aanze umakanika muhula ujao, mihula mitatu inamtosha. Lakini muulizeni mshauri leo kama umakanika unafunguliwa muhula ujao, kwa sababu vyuo vingine huufungua mara moja kwa mwaka. Ukiukosa, mwaka mzima umekwenda.

Na mfululizo wote aumalize chuo kimoja. Mimi nilianzia koleji moja ambako umegawanywa sehemu tatu, nikahamia nyingine wanakougawa nne, nikajikuta nimesoma joto mara mbili na mwanga sijausoma kabisa. Nililia.

Dada wa Oakland
Kwanza amalize IGETC, ile orodha ya masomo ya jumla ya kuhamia, mengine yatafuata. Ndivyo tulivyofanya sote.

Mwalimu wa Fresno
Dada, hapana. Wanaoanza sasa wana orodha mpya, Cal-GETC, tangu vuli ya 2025. Na kwa fizikia UC wanatazama kwanza masomo ya maandalizi. Mtu aliyemaliza masomo ya jumla yote bila sumakuumeme anabaki mlangoni.

Dada wa Oakland
Mimi nilihama na IGETC na nikapokelewa.

Mwalimu wa Fresno
Kwa sosholojia, dada yangu. Naiheshimu, lakini si fizikia.

Mzee wa Long Beach
Msigombane. Mama, andika kwenye kalenda: maombi ya TAG, ile ahadi ya UC ya kumpokea anayetimiza masharti, ni Septemba 1 hadi 30 mwakani. Kampasi ni sita, Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hawana TAG. Davis ni hapo jirani yenu, kijana atalala nyumbani na kula ugali wa mama yake.

Mmenikumbusha mbali. Sisi kwenye Physics 3, fizikia ya vitendo, tulikuwa na galvanomita moja kwa wanafunzi 30. Unasubiri zamu mpaka jua linazama, na pendulamu tulifunga jiwe kwenye uzi wa kushonea. Mwalimu wetu alikuwa anashika tochi mdomoni ili tusome mizani. Kila nikipita maabara za hapa, vifaa vimejaa na vijana hawaji, naumia.

Baba Wanjiru, Bakersfield
Mzee, na hao vijana wakisoma hapa nani atawarudisha wafundishe? Sisi Wakenya tangu katiba ya 2010 tunaruhusiwa uraia pacha. Nyinyi Watanzania mtu akichukua uraia wa hapa anapoteza wa kwao.

Mzee wa Long Beach
Hilo linanikata maini, Baba Wanjiru. Nimezika wazazi wote wawili nikiwa naingia kwa viza. Ningependa kufundisha hata mwaka mmoja pale nilipofunga lile jiwe.

Mama Imani, Sacramento
Asanteni wote, na Mzee pole sana kwa wazazi. Kijana yuko Kalkulasi I, nimefurahi kusikia hajachelewa. Lakini Ijumaa ni keshokutwa. Aache au amalize?

Mwalimu wa Fresno
Akimaliza, jua kwamba akija kusoma na mfululizo wa kalkulasi, UC hawatampa yuniti za mifululizo yote miwili. Ila gredi inabaki kwenye karatasi yake. Amepata ngapi kwenye mitihani miwili ya kwanza?

Mama Imani, Sacramento
92 na 88.