Mzee anauza mpunga ukiwa bado shambani kila mwaka, tumsaidieje?

Binti wa Misungwi
Habari wakuu. Nyumbani ni Misungwi, mimi natafuta maisha hapa Buzuruga. Wazee wana majaruba mazuri na wanaamka gizani kwenda kulima, kwa hiyo asije mtu kusema ni uvivu. Shida inaanza Januari. Ndani hamna kitu, mdogo wetu anaingia kidato cha kwanza. Ada ilifutwa 2016, ila sare, viatu na madaftari lazima ununue. Hapo ndipo anapotokea mchuuzi, anampa mzee 40,000 kwa gunia, mpunga ukiwa bado mbichi. Mavuno yakifika anakuja na magunia yake, anashindilia lumbesa, yaani gunia la kujaza kupita kiasi, mpaka inawekwa kilemba juu. Tunabaki na magunia manne. Februari tunanunua mchele dukani kwa kilo! Hela ninayotuma inaishia kwenye madeni. Inaniuma sana. Nianzie wapi?

Ngosha wa Magu
Pole dada. Acha kutuma kidogo kidogo. Ikusanye, uipeleke yote Januari ili mzee asimhitaji yule mchuuzi. Msimu mmoja tu mkivuna bila deni, mtauza mnapotaka nyie.

Mama Kulwa
Mwanangu, mshirikishe mama yako. Aingie kikundi cha hisa, sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Vikundi vingi vinavunja, yaani vinagawana akiba, Desemba, hela inaliwa sikukuu. Sisi tunavunja Januari, shule zikikaribia kufunguliwa. Kikundi kikishasajiliwa, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake. Hauna riba.

Mkulima Kwimba
Yote sawa, ila wekeni akiba ya matibabu. Mke wangu alilazwa, nikauza maksai. Mke alipona, namshukuru Mungu, lakini msimu uliofuata tulilima kwa jembe la mkono, nusu ya shamba ikabaki pori. Mpaka leo sijarudisha wale ng'ombe.

Binti wa Misungwi
Pole sana kaka. Mama Kulwa, asante, Jumamosi naenda kuongea na mama. Na hii lumbesa je? Mwaka huu deni lipo tayari.

Ngosha wa Magu
Lipeni deni, ila kwa mizani. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Akigoma, nendeni Wakala wa Vipimo pale mkoani kabla hajapakia.