FJ40 ya 1978 yenye 2F: nataka kutoa kabureta niweke injekta, nianzie wapi?

Mwana Kisongo

Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, injini ni ile ile ya kiwandani, 2F ya petroli, lita 4.2. Naitumia kwenda shamba Karatu, na mara nyingine naipandisha Ngorongoro. Arusha mjini inakwenda vizuri. Nikianza kupanda ukingo wa kreta inatoa moshi mweusi, inakohoa, na nikisimama kule juu haishiki silensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), inazima. Shida nyingine ni kwenye njia ya mawe: gari ikilalia upande injini inanywea kama imekatiwa mafuta, ikikaa sawa inarudi. Halafu mchana wa jua nikiizima sokoni, nikirudi inawaka kwa taabu na petroli inanuka kila mahali.

Kabureta imeshafunguliwa na mafundi tofauti, wote wanasafisha na kurudishia. Sasa nataka mfumo wa injekta, unaopulizia petroli kwa presha. Gari ilikuwa ya baba, kwa hiyo injini nataka ibaki hii hii. Naombeni ushauri wa mtu anayeijua kazi yenyewe.

Dizeli Tu

Mkuu, weka 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, ulale usingizi. Vipuri vimejaa Arusha nzima na hutasikia habari ya plagi wala kabureta tena.

Fundi Mianzini

1HZ ni injini nzuri, nazifungua kila wiki, lakini mwenye gari ameshasema anachotaka na mimi niko upande wake. 2F ikiwa nzima inavuta kuanzia chini kabisa, unapanda mlima kwa mzunguko mdogo bila kuilazimisha. Haistahili kung'olewa kwa kosa la kabureta.

Mkuu Mwana Kisongo, hizo ni shida tatu, kila moja na chanzo chake. Moshi wa juu ni kwa sababu tundu la jeti, linalopitisha petroli kwenye kabureta, ni lile lile Tanga na Ngorongoro. Ukingoni, mita 2,300 hivi, mgandamizo wa hewa umepungua karibu robo ukilinganisha na pwani, na kabureta haina namna ya kupunguza petroli kwa kiasi hicho. Kunywea kwenye mwinamo ni bakuli la petroli la kabureta na boya lake: gari ikilala, petroli inakimbilia upande mmoja. Harufu ya sokoni ni joto. Kwenye 2F manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) iko upande mmoja na ya hewa, chini yake, kwa hiyo kabureta imekaa kama sufuria juu ya jiko. Ukizima, petroli ya kwenye bakuli inachemka. Toyota walilijua hilo, ndiyo maana Land Cruiser za baadaye za FJ60, nyingi zilitoka na feni ndogo ya kupoza kabureta.

Injekta inatibu zote tatu: bakuli halipo, petroli iko kwenye presha, na kompyuta inapima hewa iliyopo. Njia ninayoipenda kwa gari lako ni throto bodi (kifaa cha kupitishia hewa ya injini) yenye injekta ndani yake, inayokaa pale pale ilipokuwa kabureta. Holley Sniper 2300 ya midomo miwili ni mfano mmoja, kompyuta yake imo humo humo na inajirekebisha kwa kusoma sensa ya oksijeni unayoichomelea kwenye bomba la ekzosi. Utahitaji bamba la kuiunganisha na manifoldi ya Toyota. Wamarekani wengi wanatumia throto bodi za Chevrolet za miaka ya 80 na 90 kutoka makapi, lakini hapa utazitafuta mpaka uchoke.

Ila usiagize chochote bado. Manifoldi mbili za 2F zimefungwa pamoja na zinatumia gasketi moja kwenye silinda hedi. Kwa umri huu zinapinda. Asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, iwashe, pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio; mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Zishushe zikiwa zimefungwa pamoja, mpelekee mwenye mashine azisawazishe kwa uso mmoja. Usikubali azipige moja moja. Hili nalisisitiza kwa sababu ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani petroli haitoshi, kompyuta inaongeza, na moshi mweusi uko pale pale.

Kazi kubwa sasa ni mafuta. Pampu yako ya zamani inatoa psi 3 hadi 5, huo mfumo unataka kama 58. Tangi la FJ40 nyingi za umri wa gari lako liko chini ya kiti. Litoe, lioshwe kutu mpaka maji yatoke meupe, maana chembe ambayo kabureta iliimeza injekta haitaimeza. Kisha weka tangi dogo la lita moja au mbili nje ya kabini, mbali na ekzosi. Pampu ndogo inalijaza kutoka tangi kubwa, pampu ya presha inavuta kutoka hapo, kwa hiyo gari ikilala injini haikosi mafuta. Mafuta yanayozidi yarudi tangi kubwa. Mipira iwe ya presha ya injekta na klipu zake, na usipitishe hata mmoja ndani ya kabini. Pampu iwe na relei inayokata injini ikizima. Gari ikipinduka pampu isiendelee kumwaga petroli.

Umeme: waya wa kompyuta uende moja kwa moja kwenye betri, usigawane na koili. Ethi (waya wa hasi) mpya kutoka injini kwenda chesesi. Waya za plagi ziwe za kaboni, zile za shaba tupu zinavuruga kompyuta.

Ukishafunga, washa swichi bila kuwasha injini, soma sensa ya presha ya manifoldi. Arusha itasoma karibu kilopaskali 86, ukingoni karibu 77, pwani 101. Ikisoma hivyo, ujue gari limetambua liko wapi.

Bin Nassor, Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Fundi kasema kweli, nami naongeza la joto maana huku kwetu ndilo linalotutesa. Pampu ya umeme inasukuma vizuri, kuvuta haiwezi sana. Iwekeni chini na karibu na tangi. Ikiwekwa juu karibu na injini, petroli ya moto inageuka mvuke kabla haijafika kwenye pampu na gari husimama njiani. Na mkiwa na wasiwasi kama jamii hii ya injini inakubali injekta, Toyota wenyewe waliitoa 3F-E, injini ya jamii hiyo yenye injekta, kwenye Land Cruiser za FJ62 na FJ80 za mwanzo.

Mwana Kisongo

Asanteni sana wakuu. Fundi, distribyuta (inayogawa moto kwenye plagi) niibadilishe au ibaki?

Fundi Mianzini

Ibaki, kama shafti yake haichezi. Kompyuta ichukue mzunguko kutoka kwenye koili, moto uendelee kuongozwa na distribyuta. Ila taiming, yaani wakati wa plagi kuwasha moto, iwe sahihi kabla ya yote. Kuna dirisha dogo kwenye nyumba ya flaiwili. Mulika kwa taa ya taiming ikiwa kwenye silensa, utaona gololi ndogo iliyopigiliwa kwenye flaiwili. Ikikaa sawa na mshale, hizo ndizo digrii 7 za kiwandani.

Na ukishusha manifoldi usiitupe gasketi ya zamani. Ipige picha uiweke hapa. Mstari mweusi wa masizi ukikatiza ukingo wa tundu, silinda hiyo ndiyo iliyokuwa inavuja, na mwenye mashine atajua upindo uko wapi kabla hajaanza kusawazisha.