Gredi ya 1 Januari: shule ndogo ya mtaani au ya serikali?

MamaPendo_Umoja
Habari zenu wazazi. Binti yangu anamaliza PP2, mwaka wa pili wa chekechea, Januari anaingia Gredi ya 1. Nimebaki na shule mbili. Ya kwanza ni ya binafsi, ndogo, hapa hapa Umoja, Nairobi: watoto 14 darasani, na mwalimu anamjua kila mmoja kwa jina. Ya pili ni ya serikali, ina uwanja na miti, lakini darasa nililochungulia lilikuwa na watoto zaidi ya 70. Baba yake anataka ya serikali, moyo wangu uko kwa ile ndogo. Mngechagua ipi?

BabaKevo
Mama Pendo, karo ni ngapi? Hiyo ndogo inafika gredi ya ngapi? Imesajiliwa? Na mtoto atavuka barabara kuu ya Outering Road kwenda ile ya serikali? Bila hayo tunabahatisha tu.

Jirani_Buruburu
Serikali. Walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, hawaachi kazi kwa sababu mshahara wa mwezi jana haujaingia. Na tangu 2023 kuna Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula shuleni, mzazi analipa shilingi 5 mtoto anakula chakula cha moto. Wangu wawili wako huko na wanasoma vizuri.

Wambo_K
Jirani, watoto 70, mwalimu mmoja. Atasahihisha madaftari saa ngapi? Mtoto mnyamaza anaweza kumaliza muhula hajaulizwa swali hata moja.

Mwalimu_Eastlands
Nimefundisha madarasa ya chini miaka 22. Mama Pendo, usitosheke na hesabu ya watoto. Omba kuona madaftari ya Gredi ya 3 ya muhula uliopita. Ukiona tiki kila ukurasa na makosa yamebaki vile vile chini yake, mwalimu hasomi, anapiga tiki. Kisha chukua kitabu ambacho watoto hawajakikariri, mwombe mmoja asome sentensi tatu akueleze amesoma nini. Mwisho, uliza ni walimu wangapi wameondoka tangu Januari. Mtoto wa miaka sita akibadilishiwa mwalimu katikati ya mwaka, anayekuja huanza naye upya.

NyotaYaKayole
Hilo la walimu kuondoka lilinipata. Binti yangu alikuwa shule ndogo sana, watoto 11 darasani, nikajiona nimepata bahati. Gredi ya 2 alifundishwa na walimu watatu. Yule wa kwanza alikuwa mzuri mno, mtoto alikuwa akija nyumbani anaimba silabi, akaondoka Machi. Wa pili alikaa wiki sita. Wa tatu alikuwa msichana aliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, hajasomea ualimu. Ripoti zilikuja nzuri kila muhula, nami nikaziamini kwa sababu narudi kazini saa mbili usiku. Gredi ya 4 shangazi yake alikuja kutoka Kakamega, akampa gazeti asome kichwa cha habari. Hakuweza. Alisoma herufi ya kwanza, kilichobaki akabuni. Nililia usiku ule. Kisha tukagundua shule haijasajiliwa, na watoto wa Gredi ya 6 wanaandikishwa kwa mtihani wa taifa wa KPSEA kupitia shule nyingine kabisa. Nilimhamisha. Sasa anasoma, lakini ilichukua karibu miaka miwili na mwalimu wa jioni.

Wambo_K
Pole sana Nyota. Ila si zote ziko hivyo.

Jirani_Buruburu
Tazameni jengo pia. Shule moja ya Ngando, hapa Nairobi, Septemba 2019, darasa la mbao na mabati liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, wengine wakafa.

MamaPendo_Umoja
Asanteni. Karo ni 14,000 kwa muhula, chakula kando. Inaishia Gredi ya 6. Usajili, mwenye shule alisema "unashughulikiwa". Kilichonivutia ni kwamba watoto wanaongea Kiingereza tupu tangu PP1.

BabaKevo
Inaishia Gredi ya 6? Tangu 2023 Gredi ya 7 hadi 9 ziko shule za msingi. Ile ya serikali itamfikisha Gredi ya 9. Kwa hiyo ndogo, utaanza kutafuta nafasi upya.

Mwalimu_Eastlands
Na hicho Kiingereza kisikuvute. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu, sera ni mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi darasa la tatu, na hapa mjini hiyo ni Kiswahili. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili huvukia Kiingereza haraka.

Wambo_K
Mwalimu, nakuheshimu, lakini mitihani yote isipokuwa Kiswahili inakuja kwa Kiingereza. Na Kiswahili chenyewe watoto wa Umoja wanakijua? Wanajua Sheng, lugha ya vijana wa mtaani.

Mwalimu_Eastlands
Sheng ina sarufi ya Kiswahili, Wambo. Hapo pana msingi wa kuanzia.

Wambo_K
Wangu alianza kwa Kiingereza na yuko sawa.

NyotaYaKayole
Mama Pendo, "unashughulikiwa" ndiyo neno nililoambiwa mimi pia. Omba cheti chenyewe ukishike mkononi.

MamaPendo_Umoja
Ijumaa nimeomba ruhusa kazini, naenda kuona madaftari kote kuwili. Baba yake atakuja pia.

BabaKevo
Bado hujajibu la Outering. Nani atamvusha asubuhi?