Alama zangu zimechanganyika: nina nafasi gani ya kudahiliwa Marekani kwa msaada wa kifedha?

Swali

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu. Ninajiandaa kuomba nafasi ya shahada ya kwanza ya uhandisi katika vyuo vya Marekani, nikiwa mwombaji wa kigeni. Hisabati na fizikia nimefanya vizuri miaka yote na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nimepata 1480, lakini mwaka wa pili wa sekondari alama zangu karibu zote zilishuka, kwa sababu mzazi aliugua nami nikabaki na jukumu la kuwatunza wadogo zangu. Familia inaweza kuchangia sehemu ndogo sana ya ada. Je, niombe msaada tangu mwanzo, au nidahiliwe kwanza ndipo niombe? Na huo mwaka mbaya niueleze wapi?

Jibu la kwanza

Marahaba. Anza na suala la fedha, kwa kuwa ndilo litakaloamua uombe wapi. Vyuo vingi vya Marekani huangalia hitaji la kifedha la mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua kama adahiliwe, kwa hiyo mwenye alama zilizoyumba na asiye na ada hupimwa kwa ukali zaidi. Vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, hudahili bila kutazama uwezo wa mtu, kisha hugharamia hitaji lake lote. Usishangilie mapema, maana Harvard na MIT hupokea chini ya mwombaji 1 kati ya 20.

Wazo la kudahiliwa kwanza liache kabisa. Vyuo vingi havimpi msaada mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuuomba tangu mwanzo, na hata ukikubaliwa, chuo hakitakupa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huwezi kuomba viza ya F-1 ya mwanafunzi, mpaka uthibitishe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu mwaka mbaya. Fomu ya Common App, ambayo hutumika kuomba vyuo vingi kwa pamoja, ina sehemu ya maelezo ya ziada, na hapo sentensi tatu zinatosha: mzazi aliugua lini, wewe ulifanya kazi gani nyumbani, na alama zilipanda lini tena. Insha kuu iachie jambo jingine linaloonyesha unavyofikiri, kwani wasomaji wake hupokea hadithi nyingi za ugonjwa, nayo yako itazama humo. La muhimu zaidi, mwombe mkuu wa shule au mwalimu mshauri aandike jambo hilo hilo katika barua yake. Likisemwa na mtu mwingine lina uzito ambao maneno yako hayawezi kuwa nao.

Alama ya SAT itakusaidia, hasa kwa kuwa MIT ilirudisha sharti la mtihani huo mwaka 2022, nayo Harvard na Dartmouth zikafuata mwaka 2024. Vyuo vya University of California haviutazami kabisa, wala havitoi msaada wa mahitaji kwa wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia maombi huko.

Jibu la tatu

Nakubaliana na wenzangu, ila majina makubwa yasimeze orodha yote. Tafuta pia vyuo vinavyotoa ufadhili kwa kigezo cha alama, na usome kwa makini kama wageni wanaruhusiwa, na kama ufadhili unagusa ada peke yake au pamoja na malazi na chakula. Pengo hilo ndilo huwakwamisha wengi. Fomu ya FAFSA, ya kuombea misaada ya serikali, si yako, kwa kuwa misaada ya serikali ya Marekani haiwahusu wanafunzi wa kigeni wa viza ya F-1. Vyuo vingi binafsi vitakutaka ujaze CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya kifedha ya familia, na usione aibu kuviandikia vyuo ukiomba usamehewe malipo yake.

Kuhusu maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji kwenda chuo hicho akikubaliwa, yatumie kwa chuo kimoja tu ambacho umehakikisha kinagharamia hitaji lote. Msaada usipotosha unaruhusiwa kukataa nafasi hiyo, lakini wasiliana na ofisi ya msaada kwanza, kabla hujaondoa maombi yako kwingine.