Naomba ushauri: bomba la nje linatumiwa bila ruhusa (Isyesye, Mbeya)

Mkazi wa Isyesye

Ndugu wanajukwaa, habari za leo, na wakubwa wote shikamooni. Ninaishi Isyesye na familia yangu katika nyumba ambayo bado hatujaizungushia ukuta, na mbele ya uwanja wetu kuna njia ya miguu inayotumiwa na watu wengi wanaoelekea barabarani. Bomba letu la nje liko karibu na njia hiyo, kwa sababu fundi alilitoa moja kwa moja kwenye bomba kubwa linalotoka kwenye dira ya maji, kabla halijaingia ndani ya nyumba. Mchana sisi huwa kazini na watoto shuleni, na tukirudi tunakuta matope chini ya koki, alama za matairi ya pikipiki, na wakati mwingine povu la sabuni. Tangu kiangazi kianze, ankara yetu imepanda kutoka uniti 9 hadi uniti 17 kwa mwezi, ingawa idadi ya watu nyumbani haijabadilika.

Sipendi kuwa jirani wa kunyima maji. Kuna bibi mmoja nyumba ya tatu ambaye huchota kwetu kwa ruhusa yangu, naye ningependa aendelee. Ninachotaka ni kujua namna ya kuzuia wale wanaotumia bila kuuliza, kwa njia ambayo haitazua ugomvi mtaani na ambayo haitanigharimu kama kujenga ukuta. Je, kufuli kwenye koki linatosha? Naomba hasa mafundi na wale waliowahi kukutana na jambo hili wanisaidie.

Fundi Bomba Uyole

Marahaba dada. Kabla hujanunua kufuli, naomba tufanye hesabu, kwa sababu hesabu itatuonyesha tunamtafuta nani. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ambazo ni madumu 50 ya lita 20. Uniti 8 zilizoongezeka ni madumu 400 kwa mwezi, au kama madumu 13 kila siku. Vijana kuosha pikipiki mara moja moja hawawezi kufikisha kiasi hicho. Kwa hiyo ama kuna mtu anayechota kwa wingi, kwa mfano wafyatua tofali, kwa kuwa huu ndio msimu wao, ama kuna bomba linalovuja ardhini, ama koki inaachwa wazi.

Hilo la mwisho ndilo ninalolishuku zaidi, na watu wengi hulisahau. Panapokuwa na mgao, mpita njia hufungua koki mchana, akakuta hakuna maji, akaenda zake bila kuifunga. Maji yakirudi usiku wakati mmelala, yanamwagika hadi alfajiri. Koki ya nusu inchi inayojaza dumu la lita 20 kwa dakika mbili hutoa lita 600 kwa saa, na ikimwagika kwa saa sita imekula lita 3,600, yaani zaidi ya uniti tatu na nusu kwa usiku mmoja. Siku mbili au tatu za namna hiyo katika mwezi zinatosha kabisa kueleza ankara yako, wala hakuna aliyekuibia hata ndoo moja.

Fanya hivi: usiku ambao maji yanatoka, funga koki zote za ndani na nje, pamoja na ile inayojaza tangi la choo, kisha soma dira pamoja na tarakimu nyekundu. Tazama pia kile kigurudumu kidogo kilicho katikati ya uso wa dira; kikizunguka ilhali kila kitu kimefungwa, una mvujo. Asubuhi soma tena kabla mtu yeyote hajachota maji, ndipo urudi hapa utuambie.

Mama wa Kihesa

Kamwene ndugu zangu. Mimi niko Iringa, na kwetu Kihesa tatizo hili tunalijua vizuri kila ifikapo Septemba na Oktoba. Dada, kuhusu kufuli, zipo koki zenye tundu kwenye mpini na kwenye shingo, ambazo ukizifunga unapitisha kufuli dogo na mpini haugeuki. Zinapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini ukinunua chagua kufuli la shaba, kwa sababu la chuma hushika kutu haraka likikaa kwenye maji na utajikuta unalikata mwenyewe kwa msumeno. Usidanganywe kuondoa mpini wa koki na kuuweka ndani, kwani mtu mwenye koleo huifungua bila shida, na akiilazimisha huharibu nyuzi zake ikaanza kuvuja.

Jirani yangu alimwita fundi wa kuchomelea akamtengenezea kisanduku cha nondo na bati kinachofunika koki nzima, chenye mlango na kufuli. Kimesaidia, ila nakueleza ukweli kwamba mtu mwenye nia mbaya hakuzuiwa: bomba lililosimama nje ya ukuta lilikuwa la plastiki, na usiku mmoja lilikatwa chini ya kisanduku ili ile koki ya shaba ikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Maji yalimwagika hadi kulipokucha. Kufuli humzuia mpita njia tu.

Mzee wa Mtaa

Wanangu, nimesoma yote, na ninakubaliana na fundi kwamba tusimshuku mtu kabla ya kusoma dira. Binti yangu, niliwahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa muda mrefu, na mashauri ya maji niliyoletewa yalikuwa mengi kuliko ya mipaka ya viwanja. Karibu yote yalianzia pale mwenye bomba alipofunga ghafla bila kusema neno. Watu waliokuwa wakichota kwa mazoea, wengine wakidhani wameruhusiwa kwa sababu hawajawahi kukatazwa, waliona wamedharauliwa.

Nakushauri upite kwa majirani wa karibu jioni, uwaeleze kwamba ankara imepanda na kwamba unabadilisha mpangilio wa bomba. Usitaje jina la mtu wala pikipiki. Mwambie na mwenyekiti wa mtaa, si kwa kushtaki, bali ajue, ili likitokea la kutokea asilisikie kwanza kutoka upande mwingine. Huyo bibi umwendee yeye mwenyewe, na mapema kuliko wote, asije akakuta kufuli akadhani linamhusu.

Mkazi wa Isyesye

Nawashukuru sana. Nimefanya kama fundi alivyoelekeza. Dira haikusogea usiku kucha, kwa hiyo hakuna mvujo. Lakini jana tulipotoka kazini tulikuta koki ya nje iko wazi kabisa na maji hayatoki, jambo ambalo sasa ninaelewa maana yake. Fundi, ikiwa hatari kubwa ni koki kuachwa wazi, je, dawa yake ni kufuli hilo la Kihesa, au kuna njia bora zaidi? Na je, nikianza kuwatoza wachotaji kidogo ili kufidia ankara, kuna ubaya?

Fundi Bomba Uyole

Njia bora ni kuyazuia maji yasifike kwenye koki kabisa. Pale bomba la nje linapochepuka kutoka kwenye bomba kubwa, kwenye ile tii (kiungo cha njia tatu), weka valvu ya mpini inayofunga kwa kugeuzwa robo mzunguko. Kwa kuwa tawi lako linaanzia nje, valvu ikae kwenye chemba ndogo ya tofali na zege yenye mfuniko wa chuma unaofungwa kwa kufuli. Ukiifunga asubuhi unapoondoka, mtu akifungua koki hapati kitu, na hata akiiacha wazi hakuna kitakachomwagika maji yakirudi. Jikoni na chooni maji yataendelea kama kawaida.

Usitumie geti valvu ya gurudumu kwa kazi hii. Ile inahitaji mizunguko mingi, na watu huchoka wakaiacha nusu, ikaliwa taratibu hadi ikawa haifungi sawasawa. Sehemu inayosimama nje ya ardhi iwe bomba la chuma lililoshikwa na zege, kwa sababu ya hayo aliyoyasimulia mama wa Kihesa. Viungo vya nyuzi vifungwe kwa tredi tepu, na mfereji usifukiwe kabla maji hayajaachwa yakae kwenye bomba kwa shinikizo na viungo kukaguliwa kimoja kimoja.

Jambo moja nasisitiza: kazi yote ifanyike baada ya dira, upande wa nyumba. Dira yenyewe na bomba linaloiletea maji ni mali ya mamlaka ya maji, na kuligusa ni kosa hata kama nia yako ni njema.

Msomaji wa Tukuyu

Kuhusu kutoza, dada, nenda kwanza kaulize katika ofisi ya mamlaka. Bei za maji, zikiwemo za vioski na magati (vituo vya umma vya kuchotea maji), hupitishwa kwa idhini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na mteja wa majumbani hajiwekei bei yake. Nafuu ni kukubaliana na wale wachache unaowaruhusu juu ya saa ya kuchota, mkiwa nyumbani.

Mkazi wa Isyesye

Ndaga fijo ndugu yangu wa Tukuyu, na asanteni nyote. Sitatoza. Fundi wa mtaani kwetu anakuja Jumamosi kujenga chemba, na nimemwonyesha maelezo haya ili aweke valvu ya mpini. Bibi nilimwendea jana jioni kama mzee alivyosema. Tumekubaliana kwamba vijana wangu watamjazia pipa lake kila Jumatano na Jumapili, naye akipungukiwa katikati atume mjukuu jioni tukiwa tumerudi.