Naomba ushauri: Sheli inajengwa mlangoni mwa mtaa wetu, Dodoma

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu na mambo ya mipango miji.

Tunaishi kwenye viwanja vilivyopimwa enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), kabla haijavunjwa mwaka 2017. Barabara ya kuingilia ni moja tu. Pale kwenye kona kuna kiwanja ambacho kwenye ramani ni cha makazi. Sasa kimezungushiwa mabati, kokoto zimemwagwa mpaka ndani ya mtaro, na mafundi wanasema inajengwa sheli na fremu za maduka. Mvua za Januari maji ya mtaa mzima hupita kwenye mtaro huo. Ukiziba, nyumba za chini zimekwisha. Na watoto wa shule wanapita hapohapo asubuhi wakikwepa bodaboda, bado malori ya mafuta hayajaanza kuingia.

Hatupingi biashara, maduka tunayahitaji. Ila hatujaona tangazo lolote la kubadili matumizi ya kiwanja, wala hatujaitwa mkutano. Mwenyekiti wa mtaa anasema vibali vipo. Hajatuonyesha hata kimoja.

Najua ipo Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na kwamba sheli inahitaji kibali cha EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na tathmini ya mazingira kupitia NEMC (baraza la taifa la mazingira). Tuanze na barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, au huko kwingine? Na kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90, wakati msingi umeshaanza kuchimbwa. Kuna aliyewahi kupata zuio la mahakama ndani ya muda huo? Alifanyaje?