Mrejesho: upote wa upinde wangu wa mpera

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita nilikuulizeni nitie upote (kamba ya upinde) gani kwenye upinde wa mpera niliouchonga mwenyewe hapa Wete, Pemba, ambao kuuvuta kunataka nguvu ya ratili kama 30. Upote wangu wa nailoni ulikuwa unanyumbuka hata mshale unaanguka karibu na miguu yangu. Ahsanteni sana nyote.

Nilianza na mshipi wa kusuka wa wavuvi. Mshale ulikwenda, wallahi! Lakini uzi ule haunyumbuki hata chembe, kishindo chote kinaishia kwenye ncha za mti. Siku ya tatu mkato wa juu, pale panaposhika kitanzi cha upote, ukabanduka kama ukucha. Mlinionya niziimarishe ncha kwa pembe ya mnyama, nikafanya uvivu.

Nikachonga mkato mwengine chini kidogo, nikahamia kwenye poliesta: uzi wa mafundi viatu, nyuzi 12, mafungu mawili yaliyosokotwa na kupakwa nta ya nyuki. Uzi mmoja niliutundikia ndoo ya maji ya lita 10, haukukatika. Kitanzi cha kwanza kilichopoka nikiwa navuta, maana mkia wake niliuacha mfupi mno. Sasa nimeupa shibiri nzima, umeshika.

Mpaka jana nishapiga mishale zaidi ya 100 kwenye gogo la mgomba. Upote umerefuka kidogo tu, nikausokota tena ukakaza. Mwendo wa mshale ni mdogo kuliko ule wa mshipi, lakini ncha ni nzima.

Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, sikuijaribu. Mzee aliyeipendekeza anisamehe.